Ufunguo wa Kumwagilia Maua

...na kidole kikiwa juu ya kitufe cha kufungulia faili za binti yake Falk alijiambia tena kwamba hachungulii, anatengeneza tu, diski imejaa, na asipoona kilichoijaza ataitengenezaje, fundi akiitwa kuzibua sinki lazima aone kilichoziba, na je, si Tabea mwenyewe aliyepaza sauti kutoka chumbani, "Baba, picha zangu hazipandi! Hebu liangalie hilo boksi lako!", boksi lenyewe lipo kwenye ujia, chini ya rafu ya viatu, linanguruma kidogo kama paka aliyeshiba, seva aliyoiunga kwa mikono yake, programu huria tupu, hakuna kampuni yenye mkono humo, na siku alipoiwasha aliwaita mke na binti, akawahutubia kabisa, mpumbavu mimi, picha zetu na barua zetu zitalala hapa nyumbani, matajiri wasiotujua wasituchungulie, Tabea akauliza, "Hata wewe?", naye akacheka, "Hata mimi," wala haukuwa uongo, alisahau tu kwamba mwenye mashine anafika popote... au hakusahau... "Umeshaona?" Grit, mkewe, ananong'ona huku akikata keki ya plamu, "Falk, fungua basi, mtoto hali, halali, macho yamemvimba, Alhamisi karudi na koti la mtu nisiyemjua, nikimuuliza ananiambia niache," "Nangoja kidogo," "Unangoja nini? Ufunguo si unao wewe!", ufunguo, laiti asingelitaja neno hilo, maana sasa anamjia kichwani Bibi Pohle, jirani wa utotoni wa ghorofa ya pili, na aproni yake ya bluu, kila kiangazi walipokwenda baharini mama yake Falk alimwachia ufunguo amwagilie maua, ndivyo majirani wote wa ngazi ile walivyofanyiana, nani angewaza mara mbili, na wakirudi Leipzig wanakuta maua yamejaa dirishani, mekundu, hata jani moja halijakauka, mama anasema bibi yule ana mkono wa heri, kumbe bibi yule ameshaeleza kwa makachero wa serikali ya wakati ule vitabu gani vimefichwa nyuma ya vitabu gani na redio imeachwa kwenye kituo gani cha marufuku, baba akavuliwa ualimu, akapelekwa kwenye machimbo ya makaa, akawa anarudi jioni na ukimya wake, na hawakujua sababu mpaka serikali ile ilipoanguka na siri zake zikamwagika mezani, mama akamsimamisha yule bibi pale ngazini, Falk kamshika mama mkono, na Bibi Pohle akalia, machozi ya kweli, "Niliwaogopea, Bibi Nestler, niliona heri nijue mimi kuliko mgeni," loo, jinsi alivyomchukia kwa maneno hayo, amemchukia maisha yake yote, boksi lile chini ya viatu ni chuki hiyohiyo imewekewa umeme... "Kama kuna mtu anamtesa je?" Grit anasema, "Heri tujue sisi, Falk," na Falk akaondoa macho kwenye skrini, akamtazama, kwa sababu dakika hiyohiyo alikuwa anawaza hivyohivyo, kwa maneno hayohayo, naye anampenda mtoto huyu kuliko roho yake, anamwogopea mpaka kifua kinauma, je, na yule bibi, aliposimama sebuleni kwao mchana kweupe, kopo la maji mkononi, kabla hajagusa rafu, huenda naye aliwapenda kidogo, huenda kweli aliogopa, na haikusaidia kitu, baba alikwenda machimboni vilevile... "Baba! Imekubali?" "Bado, mwanangu," akajibu, na upole wa sauti yake ukamtisha, kumbe itabidi ainuke, akagonge ule mlango, aulize kwa mdomo wake, na Tabea akikataa kusema abaki pale nje na woga wake, bila kujua, kama baba yeyote, Mungu wangu, bila kujua... kahawa ilikuwa bado inadondoka kwenye birika, Grit bado ameshika kisu, jina la mtoto linang'aa kwenye skrini, kidole kipo palepale juu ya kitufe, ila hakuweza tena kujiambia kwamba anatengeneza.