Zamu ya Maumivu

Jumanne moja asubuhi, mwaka wa 1976, Elsie alikuwa akimgeuza mumewe kitandani ili atandike shuka kavu, mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya nyonga iliyoliwa na saratani, ndipo maumivu yakamhamia. Hayakuja kwa kishindo. Yalipanda kiganjani, yakapita begani, yakateremka hadi kwenye nyonga yake na kukaa. Danson, ambaye tangu aruhusiwe na hospitali kurudi nyumbani Kaloleni, chini ya kilima cha Sagalla, alikuwa akikesha akisaga meno, alivuta pumzi, akauliza kama kuna uji.

Elsie alimletea uji akichechemea. Wifi yake Loise, aliyekuja kusaidia kufua, alimtazama anavyotembea, akaelewa.

"Wifi, nipe nikushikie mpaka jioni," alisema, akamshika mkono.

Basi wakapanga zamu. Jambo hilo halikuwa geni kwao. Huko milimani walikotoka, maji ya mfereji huenda kwa zamu, leo shamba hili kesho lile, na anayeyafungulia siku isiyo yake hasalimiwi mpaka mavuno. Elsie alijitwalia usiku wote pamoja na Jumapili, Loise akachukua siku za mwanzo wa juma. Mwanamvita, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuja kudai siku yake bila kuombwa.

"Mgonjwa ni wetu sote, Mama Susan," alimwambia Elsie. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani naye alikuwa amefunga, lakini aliona maumivu si chakula.

Tryphena wa kwaya alipewa Ijumaa na Jumamosi, akazoea kufanya mazoezi ya nyimbo akiwa ameketi. Sokoni watu walijua zamu ni ya nani kwa kuangalia nani anachechemea, na muuza nyanya alikuwa akimwongezea huyo moja.

Danson alinenepa. Ugonjwa haukwenda popote, ila sasa aliweza kukaa uani kwenye kiti cha kamba, akacheza drafti na kaka zake na kucheka mpaka akakohoa. Kaka hao walikuja kila Jumapili baada ya ibada, wakiongozwa na Zephaniah, mzee wa kanisa, mtu aliyewahi kulala kando ya mfereji na panga lake ili zamu yake ya maji isiibwe. Walikunywa chai, wakaomba kwa sauti, wakamsifu Danson kwa uvumilivu. Elsie alikuwa na hasira, lakini pia alikuwa na vyombo vya kuosha.

Jumapili moja habari zikashuka kutoka Sagalla kwamba mama yake Elsie yu taabani. Loise alikuwa amejifungua juzi, Mwanamvita alikuwa msibani Mombasa, na Tryphena alikuwa hoi kitandani baada ya zamu yake. Elsie alikwenda uani akasimama mbele ya wanaume.

"Shemeji, naomba unishikie leo tu. Nataka kupanda kumwona mama, na kile kilima sitakiweza na nyonga hii."

Zephaniah aliweka kikombe chini kwa upole. "Shemeji, sisi tunasimama na ndugu yetu kwa maombi. Hiyo nyingine ni kazi ya akina mama. Mungu amewaumba wavumilivu."

Elsie akamgeukia mumewe. "Baba Susan, basi yashike wewe mpaka nirudi."

Danson aliangalia ubao wa drafti. "Leo nimeamka vizuri," alisema. "Usiniharibie siku." Akaificha mikono yake kwapani.

Neno hilo lilimuuma Elsie kuliko nyonga. Aliokota fimbo, akapanda Sagalla akipumzika kwenye kila jiwe, akafika jua likiwa limeshainama. Mama yake hakumuuliza habari za njiani.

"Leta huo mkono," alisema.

Elsie alikataa. Mama akaushika hivyo hivyo, na maumivu yakamwacha binti. Mama alikunja uso kidogo, kama mtu aliyeonja mboga iliyozidi chumvi, na kabla giza halijaingia akafa nayo. Elsie alilia mpaka sauti ikamkauka. Baada ya maziko aliteremka kilima akitembea wima, na kila hatua nyepesi ilimchoma moyo.

Kwa kuwa maumivu yalikuwa yamezikwa Sagalla, Kaloleni walichinja mbuzi wa shukrani. Zephaniah alisimama akawashukuru wanaume wa ukoo kwa jinsi walivyombeba ndugu yao. Marehemu hakumtaja. Watu walikuwa wakipiga makofi Danson alipoishika nyonga yake, maana ugonjwa ulikuwa umezaa maumivu mengine. Alitazama kuliani, ambako mkono mnene wa Zephaniah ulikuwa umelala juu ya goti. Alitazama kushotoni, kulikokuwa na mikono ya kaka zake wengine. Akaipita yote, akaita kuelekea jikoni.

"Mama Susan."

Elsie alifuta mikono kwenye kanga, akaja, na wanaume wakasogeza viti ili apite.