Palipoandikwa Nimepokea

…hapo tu, hapo penye kijani, ananiambia Injinia Nayeli, gusa palipoandikwa Nimepokea, basi, oda imeshakuwa yako, mama Obdulia, na kidole changu kiko hewani juu ya tableti, hakishuki, hakirudi, kama cha mtu aliyesahau alichotaka kuonyesha, na Tencha kwenye cherehani ya pembeni hawezi kunyamaza, "Shoga, kiguse kioo, hakiumi, si mume huyo!" wanacheka, nami nacheka kidogo ili wasiniulize, wanadhani naogopa mashine, mimi ninayeshona viatu kiwandani hapa León tangu nina misuko miwili kichwani, niogope kioo?… siogopi kioo, ila Eleazar, kaka yangu, hataleta tena karatasi, hilo ndilo, ngozi zimeshafika kwa toroli la mtu wa stoo na oda imekuja kwa hewa, naye amebaki kule kwenye kukata ngozi, yeye ambaye kila asubuhi alivuka sakafu nzima, anaweka fungu la ngozi mezani kwangu, juu yake karatasi ya oda, mimi natia sahihi, nachana kipande cha chini, namrudishia, anaondoka, hakuna neno, hata salamu, tangu tulipomzika Mama… "Mtandao unasumbua?" anauliza Nayeli, nasema hapana, binti yangu, nasoma kwanza, naye anasema soma tu, mama, taratibu, mtoto mwenye adabu, hana kosa… Mama aliomba azikwe kwetu San Julián, kando ya Baba, aliniomba mimi nikimlisha supu, na Eleazar akasema San Julián mbali, nani atakwenda kumfagilia kaburi, azikwe hapa hapa, akaenda kuongea na padri bila mimi, nami nikamwambia mbele ya jeneza, mbele ya watu, wewe si ndugu yangu tena, akajibu sawa, sawa tu, na tangu siku hiyo kati yetu ikabaki karatasi… lakini karatasi zilisema, siku mkono wangu ulipovimba aliandika pembeni, anza na nyeusi, ni laini, hakuna msimamizi aliyemtuma kuandika hivyo, na mimi nilipoona mwandiko wake unateleza nilijua ana homa, nikamtuma Tencha na chai ya mdalasini, nikamwambia usiseme imetoka kwa nani, na Tencha, mdomo ule, lazima alisema… "Mama Obdulia, kule kwenye kukata wanaona bado," Nayeli ananionyesha, "kwao inawaka njano mpaka wewe upokee," inawaka kwa nani, namuuliza, "Kwa aliyeituma. Kwa mzee Eleazar"… mzee? kaka yangu mzee, tangu lini? nautafuta uso wake kichwani na hauji, naona vidole, naona kovu la kisu cha kukatia, ukucha uliokufa, miaka yote hii nimetazama mikono inayoweka karatasi, sikuinua macho, sijui kama masharubu yameota mvi, sijui kama anavaa miwani, mtu tuliyenyonya naye titi moja amezeeka mbele ya meza yangu na mimi sikuona… na kaburi la Mama, nani analifagia, Jumapili nikifika nakuta limeshafagiliwa, maua mabichi, maji yamebadilishwa, nami najidanganya kwamba ni mlinzi wa makaburi, mlinzi gani anayejua Mama alipenda maua meupe… "Umelala, shoga? Tukuletee mto?" ni Tencha tena, nikigusa tu, njano itazimika kwake, ataona nimepokea, atachukua ngozi nyingine, na kesho hivyo hivyo, na kesho kutwa, mpaka mmoja wetu afe na mwingine apate habari kwa watu wa stoo… hapana, kengele ya mapumziko ikigongwa nitavuka mimi, nitapita katikati ya mashine zote hizi, watazame, wakitaka wacheke, nitakwenda mikono mitupu maana hakuna tena cha kubeba, na nikifika itabidi nifungue kinywa, niseme nini, nisamehe? sijafika huko, nitasema kaka, umekula? hivyo tu, watu si ndivyo wanavyoanza… "Gusa basi, mama," anasema Nayeli kwa upole, na kidole bado kiko hewani, lakini macho nimeyainua, kule mwisho wa sakafu wote wamevaa kofia za bluu, wote wameinamia ngozi, isipokuwa mmoja, amesimama wima, anatazama huku.