Mtungi Chini ya Sinki

Siku ya kwanza Angeline alipofunua ule mtungi chini ya sinki, nusura atapike chai yote aliyokunywa asubuhi nyumbani kwake Saltley. Ndani mlikuwa na pumba za mchele zilizolowa, rangi ya matope, na harufu yake sasa! Soksi zilizovundikwa pamoja na pombe ya juzi. Humo ndimo Mama Sumie alimokuwa akizika matango yake yachachuke, kisha kuyala na wali kila asubuhi.

Mama Sumie alikuwa mjane wa Kijapani wa miaka themanini na minane, akiishi peke yake Sutton Coldfield, pembezoni mwa jiji hilohilo la Kiingereza, na Angeline alilipwa kuja kumhudumia. Bibi huyo alikuwa ameanguka bafuni. Mkono wa kulia ukavunjika, na kiuno kikakataa kuinama.

"Nikorogee," alimwomba Angeline. "Kila siku, kwa mkono mtupu, hadi chini kabisa. Pumba zikikosa hewa zinakufa. Mama yangu alinipa konzi moja ya pumba zake nilipoolewa, nami nimezitunza miaka sitini."

Miaka sitini! Angeline alikunja pua. Na huyu ni msichana wa Bomet, aliyelelewa kwa mursik, maziwa yaliyochachia kibuyuni na kutiwa majivu, wala hakuona haya kukunja pua. Uozo wa kwao haukuwa uozo.

"Wacha tu," alimwambia rafiki yake Brigid kwenye simu. "Hiyo kitu inanuka, my dear! Siwezi weka mkono yangu huko, hata manager aniamuru."

Basi akafanya ujanja. Kila asubuhi alibana pumzi, akafunua mtungi, akasawazisha juu kwa kijiko na kufunika haraka. "Nimekoroga, Mama," akasema, na Mama Sumie akainamisha kichwa kumshukuru. Wiki hiyo joto la Julai lilikuwa limeshika jiji lote.

Jumapili Mama Sumie akaomba tango. Angeline alipofunua mtungi, ukungu mweusi ulikuwa umetanda, na uvundo ukamtoa machozi. Hapo ndipo alipopaswa kusema. Badala yake alichimbua tango lililolegea na kuteleza kama kamasi, akaliosha mara tatu, akalikatakata na kuliweka mezani kando ya wali.

Mama Sumie alilinusa. Kisha akachoma kipande kwa uma, kwa mkono wa kushoto, akatafuna polepole na kumeza. Akachoma cha pili. Angeline alisikia kinyaa kikimgeukia yeye mwenyewe, na mikono yake safi inayonukia sabuni ya waridi.

"Tema, Mama! Nilikudanganya. Sikutia mkono hata siku moja."

"Najua. Nimelinusa. Pumba zimekufa."

"Sasa mbona unakula?"

"Hili ndilo tango la mwisho kutoka kwa mama yangu," alisema Mama Sumie, akavuta sahani karibu na kuendelea kula.