Uso wa Mlinzi wa Daraja

Vikongwe kumi na wanane walikuja kwenye usaili wa kuigiza mlinzi wa daraja katika filamu ya mashujaa, na wote wakarudishwa kwa maelezo kwamba hawajazeeka vya kutosha. Nafasi akapewa msichana wa miaka ishirini na miwili. Kazi ya kumzeesha aliachiwa fundi wa mekapu, kila asubuhi kwa gundi, pamba na ngozi ya bandia.

Siku ya nne, fundi alipomaliza kubandika nyusi za mvi, uso uliokuwa kiooni ukawa wa marehemu mama yake.

"Umekonda," mama akasema. "Hivi huku wanakulisha?"

"Tunakula, mama. Usitikisike, gundi haijakauka."

Mwongozaji alifurahi. Mama hakushika hata neno moja la kwenye karatasi, bali kila shujaa aliyefika darajani na upanga wake alimuuliza kama alivyokuwa akiwauliza wanawe mlangoni: "Unakwenda wapi, na nani kakuruhusu?" Mashujaa walibabaika kikweli. Mwongozaji akaagiza uso usibadilishwe. Msichana naye hakulalamika. Alisema humo ndani kuna joto kidogo, ila analala vizuri.

Kila jioni fundi aliubandua uso ule, na usiku kucha akamkumbuka mama yake. Mama alifariki mwaka juzi, fundi akiwa anawapaka majeraha askari arobaini wa filamu nyingine ya kampuni hiyohiyo. Aliomba ruhusa, meneja akamjibu kwamba vita haviwezi kumngoja mtu mmoja. Alifika nyumbani mama ameshazikwa. Hakuwahi kumuaga, na jambo hilo lilimkaa rohoni.

Siku ya mwisho ya kurekodi darajani alikwenda kwa meneja kuomba siku moja zaidi.

"Ni mama yangu," akasema.

"Najua, tumemwona sote. Pole sana. Lakini kesho tunarekodi kipande cha joka, na joka ni la kukodi."

"Basi nikae naye hadi asubuhi tu."

"Na huyo binti je? Naye ana mama anayemsubiri."

 Fundi alirudi chumbani akalowesha pamba kwa mafuta. Kwa kawaida mtu huanzia kidevuni, akamalizia machoni, maana macho ndiyo huwasha. Alishika kidevu, mkono ukamgomea. Mama akamtazama anavyohangaika.

"Anza na macho, mwanangu," akasema. "Sitaki kukuona ukilia."

Akaanza na macho. Akashuka mashavuni, akatoa pua, akatoa kidevu. Mdomo aliuacha mwisho, nao ukaendelea kumtajia ndugu wa kuwasalimia, mmoja mmoja, mpaka ukaisha.