Silaha ya Kumvushia Mama Mkwe

Ojulong alikuwa mtu wa shoka. Katika ule mchezo wa simu uliowateka vijana wa Busia, mchezaji huchagua silaha kwa mhunzi kabla ya kuingia vitani: upanga, upinde, nyundo, fimbo ya uganga au shoka. Wengine hukaa hapo wakijikuna kichwa. Ojulong, aa, hakuwa na habari hiyo. Ni shoka, tena lile kubwa la mikono miwili, na huyoo, mbio, akiyafyeka majini kushoto kulia huku mwenzake amebaki nyuma anahema. Na mwenzake siku zote alikuwa Ritah, mke wake.

Basi Ritah akawa anauawa peke yake kila jioni, na kila jioni mumewe anacheka. Hilo mtu angelivumilia. Taabu ni kwamba hata nje ya simu Ojulong alikuwa vile vile. Ritah alipougua malaria, bwana huyu alimpeleka hospitali Tororo, akamweka kwenye foleni, akasema anatoka mara moja tu. Alirudi jua linazama, mdomo umejaa habari za mjini. Ritah hakugombana naye. Alipopona alikunja nguo zake, akapanda bodaboda mpaka kwao Masinya, na tangu hapo simu za mumewe hazipokei.

Ojulong alikuwa fundi wa simu mwenye kibanda upande wa Uganda, si mbali na mpaka. Watu walimletea simu zilizovunjika vioo, naye akazikodolea macho tu. Alimpenda mke wake, tusimsingizie. Chakula hakikupanda, na kila mteja aliyeuliza madam yuko wapi alimkata maini. Kumfuata Masinya alitaka, lakini aliogopa kufukuzwa mbele ya ukoo mzima.

Mchana mmoja akafungua mchezo, na lahaula, shujaa wa Ritah huyo hapo, amesimama kwenye daraja na nyundo mkononi. Ojulong akamwita huku moyo unamdunda. Sauti iliyojibu haikuwa ya Ritah.

"Mkwe, ni mimi," ikasema. "Ritah ako shamba, anapalilia muhogo."

Ojulong aliruka kitini akasimama wima, peke yake kibandani. Alikuwa Kevina, mama mzazi wa Ritah. Na huku kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawashikani mkono, hawakalii kiti kimoja, wakikutana njiani mmoja anapisha mpaka majanini. Kwenye simu kidogo kuna nafuu, maana mwili haupo. Kevina akaeleza kwamba goti lilimweka nyumbani, binti yake akampa mchezo apotezee muda, na sasa maharage yanaungua jikoni yeye hana habari. Ila lile joka la vichwa vingi darajani limemshinda. Kisha akasema neno lenyewe, polepole.

"Ritah anasema, ukinivusha mimi nikiwa mzima, atarudi kwako. Ukishindwa, usimtafute tena."

Ojulong akacheka kimoyomoyo. Joka? Kwa shoka lake? Akalichukua kwa mhunzi, akaomba radhi kwa kumtangulia mama, akapaa. Vichwa vikaanguka chapuchapu. Alipogeuka kutazama nyuma akamkuta mama mkwe yuko chini, mkia wa joka umempitia. Sasa, kwenye mchezo huo aliyeanguka huinuliwa kwa namna moja tu: mwenzake anamkumbatia. Ojulong akasogea, akasimama, kidole kikaganda juu ya kioo. Amkumbatie mama mzazi wa mke wake? Muda ukaisha, wote wakafa, wakarudishwa mwanzo wa daraja.

Ojulong akavuka mpaka kwenda kwa Jared, rafiki yake mwenye chumba cha michezo Busia ya Kenya, kuomba ushauri. Jared alicheka mpaka akashika ukuta. Akamwambia hizo ni picha tu, buda, mkumbatie uchukue mke. Ojulong akamjibu kwamba heshima haijui picha. Basi chukua upinde, akasema Jared, ukae mbali naye. Ojulong akakaa mbali kweli, heshima tele, mishale inaruka kama mvua. Joka likamwacha yeye na mishale yake, likamwendea mama, likammaliza.

Ojulong akarudi kibandani akiwa mnyonge. Akasimama kwa mhunzi muda mrefu kuliko siku zote za maisha yake, akaitazama fimbo ya uganga. Fimbo haiui hata panzi. Kazi yake ni kumponya mwenzako kwa mbali, kabla hajaanguka, na ukimwondolea macho kidogo tu, imekula kwako. Wacheza shoka huiita silaha ya wazembe, na aliyeanzisha maneno hayo mjini alikuwa Ojulong mwenyewe.

Akaichukua.

"Mama, tangulia," akasema. "Mimi niko nyuma."

Kevina alikwenda kwa mwendo wa goti lake hata humo mchezoni. Alisimama, akakosea njia, akapiga nyundo mawe yasiyo na hatia. Ojulong alitamani kukimbia, haki ya Mungu, vidole vilimwasha. Wateja wawili wakaja dirishani wakaita, hakuwaitikia. Mkia ulipompata mama alimponya, moto ulipompata alimponya, na macho yakamtoka machozi kwa kutopepesa. Kichwa cha mwisho Kevina alikivunja mwenyewe, akapiga kigelegele kilichokwaruza spika.

Kisha sauti ikabadilika. Kumbe Ritah alikuwa amerudi kutoka shamba, ameketi hapo mchezo mzima.

"Kesho mama anakwenda kwa shangazi Barbara, ashinde huko," akasema. "Anataka uweze kufika mpaka mlangoni."

Kesho yake Ojulong alifunga kibanda, akafika Masinya. Nyumba ilikuwa imefagiliwa na mama mkwe ameipisha, na goti lake hilo, ili mkwe aingie bila aibu. Jambo hilo lilimwingia Ojulong moyoni kuliko matusi yote ambayo angeweza kutukanwa. Ritah alikuwa mlangoni na begi lake, lakini hakuliachia.

"Na nikiugua tena?" akauliza.

Safari hii Ojulong hakutafuta la kuchekesha.

"Nitakaa nawe kwenye foleni," akasema.

Ritah akamtazama usoni, hana haraka. Halafu akampa begi.