Homa Iliposhuka

Mwaka huo dengi, ile homa ya mbu, iliingia mtaani kwetu Choloma, ikapita nyumba kwa nyumba, wala mimi sikuwa na wasiwasi. Mjukuu wangu Nohelia, wa miaka tisa, alikuwa ameshaugua dengi miaka miwili nyuma: siku nne za kuumwa viungo, kisha akarudi kuruka kamba. Nikasema huyu ameshamaliza zamu yake, kama surua.

Jumatatu akaamka anachemka. Mama yake Yadira, binti yangu, anashona fulana kiwandani. Aliniambia huku anafunga viatu, "Mama, mpeleke kituo cha afya."

"Kufanya nini? Dengi haiji mara mbili."

"Mpeleke tu, Mama."

"Nimelea saba, na wewe ndiye uliyekuwa na kelele kuliko wote. Nenda, basi litakuacha!"

Akacheka, akaenda. Sikumpeleka. Siku hiyo maji yalikuwa yanatoka, na kwetu yanatoka mara moja kwa wiki. Usipojaza birika la uani, lile tangi la saruji, utazunguka na ndoo kwa majirani. Nilichagua maji.

Alhamisi asubuhi homa ikashuka. Nilifurahi jamani! Nikampigia Yadira: "Amepona, si nilikwambia?" Nikamkaangia Nohelia ndizi. Hakula. Alisema tumbo linamuuma, akatapika, akatapika tena. Nikasema ni njaa ya siku tatu.

Sisi wawili tuna mchezo wetu. Mchana nikakaa kitandani kwake. "Kitendawili!" Kimya. "Kitendawili, we bibi kizee mdogo!"

Huyu mtoto hata akinuna hujibu "tega". Sasa aligeuza uso ukutani. Nikamshika mkono, baridi, unyevu kama samaki. Kwenye mto palikuwa na damu kidogo, ya ufizi.

Don Wilmer, jirani, alitubeba kwa bajaji yake akipiga honi njia nzima. Yadira alitukuta hospitali, nyuzi za kiwandani bado ziko kichwani.

Daktari, binti mdogo tu, aliuliza huku akitafuta mshipa, "Amewahi kuugua dengi?"

"Miaka miwili iliyopita. Ndiyo maana nilijua haiwezi kuwa..."

"Bibi, dengi ziko nne. Ni ndugu wanne wanaofanana. Mwili uliopigana na mmoja unamjua vizuri huyo mmoja. Akija mwingine, askari wale wale wa mwili wanamkamata lakini hawamwezi, na mara nyingine ndio wanaomfungulia mlango. Haiwi hivyo kwa kila mtu, ila mara ya pili ndiyo tunayoiogopa. Na mwaka huu anayezunguka ni yule namba mbili, mkali." Akaniinulia macho. "Homa imeshuka lini? Ikishuka ndipo mishipa inaanza kuvuja. Nataka saa, nijue nimpe maji kiasi gani."

Yadira alikuwa ananitazama. Ulimi wangu ulishajiandaa kusema "sasa hivi tu". Nani angejua?

"Saa moja asubuhi," nikasema. "Nikadhani amepona. Na Jumatatu sikumpeleka kituo. Nilibaki kujaza birika."

Daktari akatazama saa ya ukutani, ilikuwa saa tisa. Akaita muuguzi kwa sauti, wakamzunguka mtoto. Yadira alisimama akichomoa nyuzi kichwani, uzi mmoja mmoja.

Siku mbili hatukujua kama atapona. Jumamosi jioni Nohelia akaomba juisi, kisha akalalamika kwamba haina sukari. Nikaenda chooni nikalia hadi mtu akagonga mlango.

Majirani walikuja nyumbani na kuku na maneno mazuri: "Nana Eufemia, umemwokoa mtoto." Nikawamiminia kahawa. Sikuwa na mahali pa kuweka macho.

Yadira hajanigombeza hata siku moja. Afadhali angenitukana. Alipokuwa anarudi kazini mara ya kwanza, alisimama mlangoni. "Mama, akipata joto tena, usiamue wewe. Nipigie mimi, nitatoka."

"Watakufukuza, mwanangu."

"Wanifukuze."

Nikasema sawa. Sikuwa na haki ya neno jingine.