Sauti ya Pili ya Maître Ezéchiel

Kaa muzuri, juu kile nitakuelezea hapa utasema Merdi anatunga. Hata mi mwenyewe, kama haingekuwa mu telefone yangu, picha na sauti yote, ningekatala. Ilifika jana mangaribi, hapa hapa Kolwezi, na sikuwa nalewa. Nilikunywa sucré tu, ile soda.

Naomie ni jirani yangu ku Kapata, mulango kwa mulango. Anaimbaka première voix, sauti ya kwanza, mu chorale yetu ya kanisa. Ukimusikia asubui anasukula masahani inje, unasahau kile ulikuwa unaenda kufanya. Sasa, chorale yetu iko na sheria: mwimbaji akionekana ku bar, banamunyanganya micro na anaenda kukaa banc ya nyuma. Maître Ezéchiel, mwenye kuongoza chorale, hachekake na ile sheria. Ye mwenyewe njo aliiandika.

Lakini Naomie alikuwa na hamu moya: kuimba na orchestre ya kweli, bantu basikie sauti yake. Na habari ilikuwa inatembea mu quartier kwamba Tata Modeste, chef d'orchestre, mwenye bendi, anatafuta mwimbaji mwanamuke, aende naye Lubumbashi ku studio. Anapigaka wapi? Hakuna muntu aliyejua muzuri.

"Twende tumutafute," nikamwambia.

"Na bakiniona?"

"Nani? Bantu ya chorale yote beko banapiga pasi shati ya kanisa ya dimanche."

"We Merdi, siku moya utanizika."

"Funga kitambala, twende."

Tukapanda taxi-moto, ile pikipiki, sisi babili nyuma ya chauffeur. Tukaanzia Dilala, ku terrasse moya, bar ya inje, yenye bafle, spika kubwa sawa armoire ya nguo. Ngoma ilikuwa muzuri, lakini kijana mumoya tu alikuwa anapiga, na ordinateur. Naomie akauliza mama wa kuleta binywaji: "Mama, orchestre iko?"

"Orchestre? Mwanangu, orchestre inakulaka. Ordinateur haikulake."

Tukaenda ku boîte ya dansi, ile ya mataa ya bleu. Kijana wa ku mulango akaangalia jupe ya Naomie, ile inafika ku bisigino.

"Dada, campagne ya maombi iko ngambo ile."

Nilicheka mpaka telefone ikatetemeka mu mukono. Nilikuwa nafilmer yote. Naomie hakucheka. Alisema turudie nyumba. Njo chauffeur wa taxi-moto akageuza kichwa: "Kumbe munatafuta ngoma ya kupiga na mikono? Mbona hamukuniuliza?"

Akatupeleka njia ya Musonoi, mu lupango moya, kiwanja ya kuzungukwa na mabati. Bacreuseur, bale ba kuchimba mine na mikono, balikuwa banacheza polepole, udongo ingali mu masikio. Gita mbili, ngoma, basse. Mwimbaji, hakuna. Tata Modeste, tumbo mbele, akashika micro: "Mwimbaji yetu ameolewa, bwana yake amemukataza. Kuko muntu hapa anajua kuimba? Siseme kuimba mu douche ukioga. Kuimba!"

Sikumusukuma Naomie, nakuapia. Nilimuona tu amesimama.

Akaimba wimbo yake mwenyewe, ile anaimbaka ku masahani: "Réseau ya telefone inakatika kule chini ya udongo, lakini mi nakuita tu." Creuseur mumoya akatia chupa yake chini, polepole.

Ku verset ya pili, sauti ingine ikaingia. Ilitoka nyuma, chini ya yake, ikamushika sawa vile unashikaka mutoto anajifunza kutembea. Naomie hakugeuka, lakini niliona mabega yake imeshtuka. Ile sauti, muntu yote wa Kapata anaijua. Inangojeaka kidogo mbele ya neno la mwisho, kisha inaingia.

Nikakuza picha mu telefone na bidole. Mupiga basse: casquette mpaka ku macho, lunettes nyeusi, chemise ya maua.

Maître Ezéchiel!

Wimbo ilipoisha, tukakutana naye nyuma, pa bacasier, makreti ya chupa. Bote babili banaangalia chini.

"Bonsoir, Naomie."

"Bonsoir, Maître."

Maître akavuta casquette kidogo.

"Ku verset ya pili, umevuta pumuzi mbio sana."

"Ndiyo, Maître."

Akatoa lunettes. "Mi nakujaka tu kushika basse. Siimbake hapa. Leo imetoka yenyewe."

Tata Modeste akafika, anapangusa jasho. "Mutoto, we njo natafuta! Mwenye studio anataka kusikia mbele. We wa telefone, umekamata yote? Unitumie, kesho natoka. Anatiaka video zote ku page yake, bantu njo banachagua."

Ile page, Kapata yote itaiona, na Maître iko ndani; nikasema Naomie aimbe tena, Maître akae pembeni. Lakini groupe, ile mashini ya umeme, ilizimika pale pale, mafuta ilikwisha, patron wa pale akaanza kupanga biti juu ya meza.

"Basi nitakata sura ya Maître," nikasema.

"Na sauti yake utaikata na nini?" Naomie akaniuliza.

Maître akarudisha lunettes ku macho. "Tuma, Merdi. Chorale itapata maître mwingine."

"Ukituma, mi na we imekwisha," Naomie akaniambia. "Ni ye alinifundisha kufungua kinywa."

"Njo maana nasema atume," Maître akajibu, polepole, sawa ku répétition ya chorale.

Tukarudi Kapata na taxi-moto mbili, Maître ku yake.

Sasa ni dimanche. Niko mu kanisa, naandika hii na telefone chini ya Biblia. Maître iko mbele, shati nyeupe, ameinua mukono, na Naomie anaangalia bidole yake. Message ya Tata Modeste imeingia: "We wa telefone, bus inajaa. Nangojea." Video iko tayari, inabakia tu kidole yangu. Sauti ya Naomie inapanda, na ile ya Maître inangojea kidogo, inaingia chini yake, sawa jana.

Ye alisema nitume. Naomie alikatala. Weye, kama telefone ingekuwa mu mukono yako, ungefanya nini?